Kausha mguu wa farasi kwanza, dawa ifuate

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuseme na wenye farasi na punda wa Arusha na Moshi, hasa wale wanaomshika mnyama kwa mikono yao kila siku: watunza mabanda, waendesha mikokoteni na wauza dawa za mifugo. Masika hukatika mwezi Mei, lakini vidonda vya nyuma ya miguu, pale palipobonyea kati ya kwato na kifundo, havikatiki nayo. Mwenye mnyama hununua dawa hii, wiki ijayo nyingine, hadi Julai mguu bado una vigaga, na hapo hukata shauri kwamba dawa za siku hizi ni feki. Mara nyingi dawa haina kosa. Imepakwa juu ya kigaga, kwenye ngozi iliyolowa, na wakati mwingine kwa ugonjwa usio wake.

Ngozi ya sehemu hiyo ni nyembamba, hujikunja kila hatua, na ndiyo inayokaa karibu na tope, mkojo na umande kuliko ngozi nyingine yoyote ya mwili. Ikilowa kwa saa nyingi hulainika, halafu mchanga mkali wa volkeno tulio nao kuzunguka Meru huikwaruza. Hapo bakteria aitwaye Dermatophilus congolensis hupata mlango. Alielezwa mara ya kwanza mwaka 1915 katika Kongo ya Wabelgiji, kwa ng'ombe, na hadi leo huwasumbua ng'ombe, mbuzi na kondoo pamoja na farasi. Ngozi kavu isiyo na mchubuko hawezi kuipenya. Anachohitaji ni maji na mchubuko. Akipata maji hutoa vijimbegu vyenye mikia vinavyoogelea hadi kwenye mchubuko; ngozi nayo hujibu kwa kutoa majimaji na usaha, vinagandamana na nywele, ndipo kigaga kinapozaliwa. Chini ya kigaga kuna joto, unyevu na hewa kidogo, na huko ndiko anakostawi. Bakteria wengine, hasa jamii ya Staphylococcus, hufuata nyuma yake na kukifanya kidonda kiwe na kina na harufu.

Kigaga kilichodondoka na kukauka hubaki na vijimbegu hai kwa miezi mingi. Mvua za vuli zinapoanza, vinaamka palepale bandani, kwenye brashi, kwenye kamba. Ndiyo maana kuna farasi ambao kila mwaka huumwa mguu uleule, na mwenyewe hudhani ni ugonjwa wa ukoo. Vigaga vinavyotoka wakati wa kuosha vikusanywe kwenye karatasi na vichomwe moto, visifagiliwe kwenda kwenye samadi.

Sasa kuosha. Kwanza nywele. Nywele ndefu za nyuma ya kifundo hushika maji na kuficha ukubwa wa kidonda, kwa hiyo zikatwe kuzunguka kidonda hadi upana wa vidole vitatu nje ya ngozi iliyoathirika. Tumia mashine ya kunyolea au mkasi wenye ncha butu, ukifuata uelekeo wa nywele. Wembe usitumike, maana hukata ngozi na kufungua milango mipya. Meno ya mashine yasafishwe kwa spiriti kabla ya kuhamia mguu mwingine au mnyama mwingine. Anayefanya kazi avae glovu, kwa kuwa ugonjwa huu na fangasi wa ngozi huweza kumhamia binadamu. Asimame ubavuni mwa mguu, ameinama bila kupiga magoti wala kuketi, na mtu wa pili amshike farasi kichwa upande uleule. Mguu huu unauma. Hata farasi mpole hupiga teke kigaga kikiguswa, na pale ambapo hakubali kabisa, daktari wa mifugo ampe dawa ya kumtuliza kwa mara ya kwanza, badala ya watu wanne kupigana naye.

Kigaga kikavu hakibanduliwi kwa kucha. Ukikivuta kikavu unang'oa na ngozi changa iliyoanza kuota chini, damu inatoka, na kesho kuna kigaga kikubwa zaidi. Kilainishwe. Kwa vigaga vyembamba inatosha sabuni yenye chlorhexidine. Ile ya asilimia 4 inayouzwa famasi kwa ajili ya kunawia mikono ya wapasuaji, changanya nusu kwa nusu na maji safi ya uvuguvugu upate asilimia 2. Paka hadi itoe povu, sugua taratibu kwa vidole au kitambaa laini, kisha iache dakika 10 ukiangalia saa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: watu hupaka na kumwaga maji hapohapo, nayo dawa haijapata muda wa kuua kitu. Ukikosa chlorhexidine, tumia povidone-iodini ya asilimia 10 iliyochanganywa sehemu moja kwa sehemu tisa za maji. Mchanganyiko sahihi una rangi ya chai ya rangi iliyochujwa nyepesi. Ukiwa mzito kama unavyotoka kwenye chupa na ukitumika kila siku, huunguza seli changa na kidonda hudumaa. Usichanganye hizo mbili katika beseni moja.

Kwa vigaga vinene, vile vyenye unene wa kidole, paka mafuta ya mgando tabaka nene jioni, funika kwa nailoni laini ya kufungia chakula, zungushia pampasi ya mtoto na bendeji isiyobana, acha hadi asubuhi. Usiku mmoja unatosha. Asubuhi fungua uoshe kwa chlorhexidine kama tulivyosema. Vigaga vingi vitateleza vyenyewe. Vinavyokataa viache, rudia siku ya pili. Wengine huacha nailoni siku tatu wakidhani inazidi kusaidia, kumbe wamemtengenezea bakteria nyumba bora kuliko ile ya kwanza.

Suuza hadi povu liishe kabisa, kwa sababu sabuni inayobaki huchoma ngozi. Kisha kausha. Tunalisisitiza hili kuliko kitu chochote kingine katika barua hii. Taulo au khanga kuukuu safi, moja kwa kila mguu, ikandamizwe bila kusugua, hasa ndani ya mkunjo wa nyuma. Halafu farasi asimame kwenye sakafu kavu ya saruji nusu saa hivi, mpaka ukigusa mkunjo kwa mgongo wa kidole usisikie ubaridi wa maji. Hapo ndipo dawa ya kupaka ina maana. Krimu ya silver sulfadiazine ya asilimia 1, ile ya watu walioungua moto, inafaa kwenye ngozi iliyochubuka: tabaka jembamba tu, mara moja au mbili kwa siku. Mafuta mazito yenye zinki hayatibu ugonjwa. Kazi yake ni kuzuia maji kwenye ngozi iliyokwisha kupona, na ukiyapaka juu ya usaha unaufungia ndani. Khanga na taulo zilizotumika zichemshwe kabla ya kurudi kazini.

Ratiba inayofaa wengi ni kuosha kila siku kwa wiki ya kwanza, kisha kila baada ya siku mbili au tatu hadi vigaga vipya vikome na nywele zianze kuota. Kuosha kila siku kwa mwezi mzima ni kosa jingine, maana ngozi hupoteza mafuta yake, inakuwa na magaga na kupasuka upya. Kama siku 14 zimepita, umefanya yote haya kwa uaminifu na mguu haujapungua hata robo, acha kubadilisha dawa. Tatizo liko kwenye utambuzi.

Kabla ya kwenda huko, neno moja kuhusu vitu vinavyopakwa mitaani. Oili chafu ya gari haiui bakteria huyu. Huziba ngozi, huikereketa, na farasi akijilamba anaimeza. Mrututu (salfeti ya shaba), ambao wakulima wa kahawa wa Kibosho na Machame wanaujua vizuri, hukausha kwa kuunguza, na baada ya siku mbili unaona ngozi nyeusi iliyokufa ambayo chini yake usaha unaendelea. Mafuta ya taa, maji ya betri na Jik isiyopunguzwa navyo ni vivyo hivyo. Zipo pia zile krimu za mchanganyiko za famasi, zenye dawa ya bakteria, ya fangasi na steroidi (dawa ya kuzima uvimbe) ndani ya bomba moja. Hizi hudanganya vibaya kuliko oili. Siku tatu za mwanzo wekundu hupungua na mwenye farasi hufurahi, kwa sababu steroidi imezima kinga ya ngozi. Ugonjwa wenyewe umepata nafasi, na ukirudi huwa mpana zaidi. Steroidi ina mahali pake, tutapataja, lakini si kwenye kidonda chenye usaha.

Sindano. Mguu wenye vigaga bila uvimbe hauhitaji antibiotiki ya mwilini. Unahitajika mkono wa daktari pale mguu unapovimba kupita kifundo, unapokuwa wa moto, farasi anapochechemea, au joto la mwili linapozidi nyuzi 38.5. Punda ana joto la chini kidogo, kwa kawaida karibu na nyuzi 37, hivyo 38.5 kwake tayari ni homa. Bakteria huyu kwa kawaida husikia penisilini. Kinachokosewa ni kipimo. Penisilini ya procaine hutolewa kwa uniti 22,000 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku. Mpime farasi kwa utepe wa fundi cherehani: mzunguko wa kifua nyuma ya viwiko kwa sentimita, zidisha kwa wenyewe, zidisha kwa urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, gawa kwa 11,880. Farasi mwenye mzunguko wa sentimita 160 na urefu wa 150 ana kilo 323 hivi. Kwa dawa yenye uniti 300,000 kwa mililita, huyu anahitaji karibu mililita 24 asubuhi na 24 jioni, zigawanywe sehemu mbili za msuli. Sasa linganisha na mililita 5 au 10 mara moja kwa siku ambazo mara nyingi ndizo hutolewa. Pen-strep nyingi (mchanganyiko wa penisilini na streptomycin) ina uniti 200,000 tu za penisilini kwa mililita, kwa hiyo soma chupa. Kabla ya kusukuma dawa, vuta bomba nyuma. Ukiona damu, toa sindano utafute mahali pengine, kwani penisilini ya procaine ikiingia kwenye mshipa farasi hupagawa, huanguka, na anaweza kufa. Tunaandika hesabu hizi ili mwenye mnyama aweze kumuuliza daktari wake swali la maana. Hatumaanishi kila mtu ajidungie.

Daktari akiona vyema kutumia vidonge, trimethoprim na sulfa huenda kwa miligramu 30 za mchanganyiko kwa kilo, mara mbili kwa siku. Kwa farasi wa kilo 320 hizo ni tembe 20 za miligramu 480 kila mara, zilizosagwa na kuchanganywa na molasi. Watu hushtuka wakiisikia idadi hiyo, wanatoa tano, kisha wanasema dawa imeshindwa. Oxytetracycline ya asilimia 20, ile ya muda mrefu wanayodungwa ng'ombe, isitumike kwa farasi kwa mazoea ya ng'ombe. Inaweza kuvuruga bakteria wa utumbo mpana wa farasi na kuleta kuhara kunakoua ndani ya siku chache, ambako hakuna mguu mbovu unaokustahili. Na farasi yeyote mwenye kidonda mguuni aulizwe kama ana chanjo ya pepopunda; wanyama hawa hushikwa na pepopunda kuliko mifugo mingine yote.

Turudi kwenye mguu unaokataa. Kwanza tazama rangi. Kama kidonda kipo kwenye mguu mweupe tu, na mguu mweusi wa jirani yake unaokanyaga tope lilelile ni mzima, usilaumu tope. Ngozi chini ya nywele nyeupe ni ya waridi, haina kinga ya jua, na jua la huku Kaskazini halina masihara hata siku ya baridi. Kuna namna mbili. Ya kwanza ni kuvimba kwa mishipa midogo ya damu ndani ya ngozi: vidonda vyenye kingo kali, vigaga vilivyoshika kwa nguvu, maumivu makali kuliko unavyotarajia kwa ukubwa wa kidonda, muwasho kidogo au hakuna, na mguu kuvimba. Hapa kusugua kila siku kunaumiza. Dawa yake ni kivuli mchana, malisho ya jioni na usiku, soksi au bendeji nyepesi inayopitisha hewa na kuzuia mwanga, na ndipo steroidi ya daktari inapoingia, kwa kipimo kinachopunguzwa polepole na kwa tahadhari, kwa sababu huweza kuleta ugonjwa wa ndani ya kwato. Uthibitisho hupatikana kwa kukata kipande kidogo cha ngozi na kukipeleka maabara.

Ya pili ni ngozi kuungua jua kwa sababu ya alichokula. Baadhi ya mimea huifanya ngozi ishindwe kuvumilia mwanga, mingine huharibu ini kwanza, na ini likishindwa kazi, mabaki ya kijani cha majani hukaa kwenye damu na kuiwasha ngozi nyeupe. Jamii kadhaa za marejea, yale yenye maua ya njano yanayoota kwenye mashamba yaliyopumzishwa, zina sumu ya ini kwa farasi. Dalili ya kutofautisha ni kwamba pua nyeupe na paji jeupe navyo huungua pamoja na miguu. Ukiona hivyo, damu ipimwe ini, malisho yabadilishwe siku hiyohiyo, na farasi aingizwe kivulini. Krimu ya mguuni haitafika kwenye ini.

Muwasho nao una lugha yake. Farasi anayekanyaga-kanyaga chini usiku, anayejisugua nyuma ya mguu kwa kwato ya mguu mwingine au kwa mbao za banda, na ambaye ana nywele nyingi miguuni, huenda ana utitiri aina ya Chorioptes. Hawa hukaa juu ya ngozi wakila magamba, hivyo ivermectin ya mdomoni, dawa ya minyoo, huwafikia kwa shida. Kinachowaua ni dawa ya kugusa ngozi baada ya nywele kunyolewa, kama fipronil ya kunyunyizia, ikirudiwa baada ya wiki tatu hivi, na farasi wote wa banda moja watibiwe pamoja na matandiko yatupwe. Kupe je? Hupenda mkunjo uleule, hasa kwa wanyama wanaochungwa kwenye nyasi ndefu za Magharibi ya Kilimanjaro na Monduli. Tafuta kwa vidole kila jioni. Kila tundu la kupe ni mchubuko uliokamilika.

Halafu kuna kidonda ambacho si kigaga bali nyama. Nyama nyekundu inayozidi ukingo wa ngozi, inayowasha, yenye vipunje vigumu vya manjano ndani yake, inayozuka msimu wa nzi: hiyo ni minyoo ya Habronema. Nzi huibeba kutoka kwenye kinyesi na kuiweka kwenye kidonda chochote kilichoachwa wazi. Punda wa mjini Moshi na wa vijiji vya Arumeru huupata sana chini ya goti. Hapa ivermectin ya mdomoni ndiyo dawa, miligramu 0.2 kwa kilo, kwa bomba la dawa ya farasi lenye alama za uzito, na mara nyingi hurudiwa baada ya wiki tatu au nne. Ile ya sindano ya ng'ombe isidungwe farasi. Huweza kuleta jipu baya la msuli. Kidonda kifunikwe nzi wasifikie, na nyama iliyozidi ikatwe na daktari. Mrututu usipakwe hata hapa.

Kwa punda tuongeze la kamba. Vidonda vingi vya miguu ya punda wetu havikuanza na bakteria. Vilianza na kamba ya nailoni iliyofungwa juu ya kwato ili asiende mbali. Kamba nyembamba hukata, jasho na mkojo huingia, na kesho inafungwa tena palepale. Hakuna dawa itakayoshinda kamba hiyo. Kama ni lazima kumfunga, itumike hatamu ya kichwani. Kama ni lazima mguu, basi mkanda wa turubai au ngozi laini wenye upana usiopungua sentimita 5, uhamishiwe mguu mwingine kila siku, na usiguse mguu wenye kidonda hata siku moja. Nywele za punda hazizuii maji kama za farasi, naye ndiye anayesimamishwa mferejini asubuhi kusubiri madumu yajae. Asogezwe hatua tano, kwenye kokoto, asubiri huko.

Kwa mguu uliopita siku 14 bila nafuu, peleka sampuli. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania ana kituo Arusha. Toa vigaga viwili au vitatu vilivyo vipya, pamoja na nywele zake, kabla ya kuosha kwa dawa au siku kadhaa baada ya kuacha dawa, uviweke kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki hutoa jasho, ukungu wa kawaida unaota na kuficha unachotafuta. Kwa hadubini, bakteria huyu huonekana kama vidoa vilivyopangika mistari sambamba, kitu ambacho mtaalamu hawezi kukichanganya na kingine. Kama ni Staphylococcus, omba kipimo cha dawa zinazomuua, kwa sababu baadhi yao wamekwisha kuwa sugu. Kama ni fangasi, jibu huchukua wiki kadhaa, basi uwe na subira. Utitiri hutafutwa kwa kukwangua juu juu ukiwa na tone la mafuta mepesi kwenye kisu, na kwa huo daktari anaweza kuona jibu siku hiyohiyo. Farasi aliyevimba miguu yote minne pamoja na tumbo chini, amekonda na amepauka fizi, tatizo la huyo haliko miguuni. Apimwe damu, nagana (ugonjwa unaoenezwa na mbung'o) ikiwa miongoni mwa vinavyotafutwa.

Banda nalo. Desturi ya kumpiga farasi maji ya mpira miguuni kila akitoka malishoni tunaipinga. Inapendeza macho, lakini inalowesha ngozi mara mbili kwa siku na haikaushwi. Tope liachwe likauke, kisha lipukutishwe kwa brashi laini. Brashi iwe ya mnyama mmoja, angalau mpaka mgonjwa apone. Maranda ya mbao yatandikwe unene wa sentimita 10 hadi 15, yaliyolowa mkojo yatolewe kila asubuhi; ukiinama usawa wa goti ukasikia harufu ya kuchoma pua, ujue ngozi ya mguu inaisikia usiku kucha. Langoni na kwenye birika la maji, ambako tope hufika kifundoni, chimba sentimita 20 hadi 30, jaza mawe, weka moramu juu, ishindilie na uipe mteremko. Malori mawili ya moramu kabla ya Machi yana faida kuliko rafu nzima ya dawa mwezi Mei.

Ombi letu la mwisho ni kwa maduka ya pembejeo na dawa za mifugo. Mteja akija kuomba dawa ya kuogeshea au kunyunyizia, muulizeni ni ya mnyama gani. Dawa nyingi za kupe za ng'ombe zina amitraz, jina limeandikwa kwa herufi ndogo chini ya lile kubwa la biashara. Kwa ng'ombe ni salama ikipimwa vizuri. Kwa farasi na punda husimamisha utumbo: mnyama hulegea, huinamisha kichwa, huacha kunya, kisha tumbo hujaa na maumivu makali huanza. Aliyekwisha kunyunyiziwa aoshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni ya kipande, aondolewe nyasi kavu na pumba, na daktari aitwe saa hiyohiyo bila kusubiri dalili. Kwenye rafu, chupa hizo zibandikwe karatasi: SI KWA FARASI WALA PUNDA. Kalamu ya wino mzito na gundi vinatosha.

Watunza farasi na punda,
Usa River, Arusha